Uso wa Eno Begyina

Kila siku kengele ya shule ikishalia, Konadu hakuwa mtu wa kuzurura. Alikata njia nyuma ya soko la Tafo, akanunua donge lake la kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga, halafu huyoo mpaka dukani kwa mama yake. Alivua shati la sare, akavaa fulana, akafagia kibaraza, kisha akavuta kiti na kukaa kando ya mama yake mbele ya kompyuta.

Mama yake aliitwa Maame Afrakoma, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mabango ya msiba. Kumasi, huku Ghana, hakuna mtu anayezikwa kimyakimya. Ukifa, lazima picha yako ikae ukutani, kubwa, yenye rangi, na chini yake jina, umri, watoto, wajukuu na siku ya mazishi, ili asitokee mtu wa kusema hakusikia. Familia zilileta picha za kila namna: zilizokunjwa, zilizoliwa na mende, hata zilizopigwa kwenye harusi ya mtu mwingine, marehemu akiwa amekaa nyuma kabisa anatafuna. Maame Afrakoma alizisafisha zote na kumvalisha kila marehemu nguo ya heshima.

Kazi hiyo aliifanya kwa programu ya bure ya kurekebisha picha iitwayo GIMP, ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuipakua bila kulipa chochote. Konadu alikua nayo. Alijua kuziba mpasuko, kufuta doa, na kupanga picha tabaka juu ya tabaka. Alikuwa na miaka kumi na tatu tu, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kwelikweli, na wateja walimsifu mbele ya mama yake. Angeridhika hivyo maisha yake yote, kama si Adwapa.

Adwapa alikuwa darasa moja na Konadu. Baba yake, Bwana Sarpong, alikuwa amefungua duka la mabango ng'ambo ya barabara, linatazamana na la Maame Afrakoma uso kwa uso. Lilikuwa na mlango wa kioo, kiyoyozi, na skrini pana kama meza ya kulia chakula. Siku moja Adwapa akaja shuleni na picha yake ya siku ya kuzaliwa. Loo! Adwapa kavaa kente, kile kitambaa cha kifahari, ya rangi ya dhahabu, nyuma yake kasri, ngozi imenyooka haina hata kipele. Darasa zima likamzunguka.

"Adwapa, hapa ni wapi? Ulaya?"

"Hapa ni uani kwetu," Adwapa akasema akijichekea. "Baba kaipitisha kwenye programu yake tu. Ile ya kulipia kila mwezi, kwa dola. Konadu, nyinyi si mnatumia ile ya bure?"

"Tunatumia," Konadu akajibu.

"Si mbaya. Baba anasema ya bure inafaa watoto kujifunzia."

Wenzao wakaangua kicheko. Konadu naye akacheka, kicheko cha meno tu. Ndani alikuwa anawaka. Kenkey ya siku hiyo hakuila, akampa mbuzi wa jirani.

Alipofika dukani hakufagia. "Mama, kwa nini na sisi tusinunue programu ya kulipia?"

"Ya nini?" mama yake akauliza bila kuondoa macho kwenye kazi.

"Kila mtu anaijua. Wakubwa wote wanatumia hiyo."

"Ni nzuri, sikatai. Mwenye kampuni kubwa ya matangazo aache ailipie. Sisi hii inaziba, inakata, inapaka rangi. Nikiwa na simu tu mkononi, zipo za bure za kwenye simu. Nikiazima kompyuta ya mtu, ipo inayofunguka ndani ya mtandao, sina haja ya kupakia kitu. Hebu niambie, kazi gani imenishinda?"

"Haijakushinda, Mama. Ila picha zetu haziangazi kama zao."

"Marehemu aangaze ili iweje? Amulike njia?" Mama yake akacheka mpaka miwani ikateleza. "Kafagie kibaraza, mwanangu."

Konadu akafagia, lakini kila akiinua kichwa aliona ule mlango wa kioo. Akaona mteja anaingia, akachukia. Akaona mteja anatoka anatabasamu, akachukia zaidi. Alimwonea Adwapa wivu wa mlango, wivu wa kiyoyozi, wivu hata wa viatu alivyoviacha pale nje. Mtoto wa watu hakupata raha tena.

Jumatatu iliyofuata akaja Nana Kyeiwaa, bibi wa nyumba moja kubwa pale Tafo. Nyumba hiyo ilikuwa haijawahi kupeleka msiba wake kwa mtu mwingine ila kwa Maame Afrakoma. Alikuwa amevaa nyeusi, na mkononi ameshika picha ya zamani iliyokunjwa katikati.

"Dada yangu mkubwa huyu, Eno Begyina," akasema. "Kanilea huyu. Mazishi ni Jumamosi."

"Pole sana, Nana," Maame Afrakoma akasema, akaipokea picha kwa mikono miwili. "Mimi leo naenda Mampong, tuna msiba wetu. Jumatano asubuhi nimerudi. Tutakaa wawili hapa, uniambie kipi niguse na kipi nisiguse. Tutawahi."

Ndivyo alivyofanya siku zote. Hakumgusa marehemu usoni mpaka mtu wa familia awe amekaa pembeni yake. Aliiweka picha kwenye skana, akamrudishia Nana ile ya karatasi, kisha akamgeukia binti yake. "Ziba ule mkunjo tu. Usoni usimguse. Ukimaliza shule, ukalale kwa mama mdogo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Sikio lilisikia, lakini moyo ulikuwa na mipango yake. Jumanne Konadu akatoka shuleni mbio mpaka stendi, kwa kijana mmoja wa kutengeneza simu aitwaye Oteng. Watu walisema Oteng ana kila kitu. Konadu akatoa akiba yake yote ya pesa za chakula, na Oteng akampa flashi ndogo.

"Hii ni ileile ya matajiri," Oteng akasema. "Watu wameivunja kufuli tu. Ila kabla hujaipakia, zima kinga ya virusi kwenye kompyuta. Isipozimwa itakataa."

"Kwa nini ikatae?"

"Inaona wivu," Oteng akasema, akacheka peke yake.

Konadu hakucheka. Dukani alizima kinga kama alivyoambiwa, akaichomeka flashi, akangoja. Ikafunguka! Ileile, yenye alama ileile aliyowahi kuiona kwenye skrini ya kina Adwapa kwa kuchungulia. Akafungua picha ya Eno Begyina. Kulikuwa na kitufe cha kulainisha uso. Akakibofya mara moja. Mkunjo, madoa, makunyanzi, kila kilichokuwa usoni kikayeyuka, na bibi kizee akang'aa kama amepakwa mafuta. Konadu akamvalisha kente, akamwekea mawingu ya dhahabu nyuma. Wakati wote huo alikuwa akigeuka kila mara kutazama ng'ambo, kama kuna mtu anamwona.

Kweli alikuwepo. Adwapa alikuwa anapita na kikapu cha ndizi, akasimama mlangoni, mdomo wazi.

"Konadu! Wewe ndiye uliyefanya hii?"

"Mimi. Kwani nani mwingine?"

"Mmenunua programu?"

"Sasa ulidhani nyinyi tu?" Konadu akasema, na utamu wa maneno yale ulimshuka mpaka tumboni.

Adwapa akaondoka na kikapu chake. Uso wake ulikuwa umesinyaa, na Konadu akauona, akafurahi. Kwa furaha hiyo akapoteza akili kabisa. Kwa nini angoje mama? Bango kama hili mtaa mzima ulione upesi, hasa mtaa wa ng'ambo! Akaandika majina na umri kama Nana alivyoyataja Jumatatu, akapeleka kazi kwa fundi wa mashine ya kuchapa. Fundi alimzoea, kila mara yeye ndiye aliyetumwa na mama yake, hivyo hakuuliza kitu. Kabla ya magharibi mabango yalikuwa yamefika nyumba ya msiba, na vijana wa nyumba ile wakaenda kuyabandika sokoni, njia panda na kwenye ukuta wa kituo cha mafuta bila hata kuyatazama vizuri.

Jumatano ilikuwa sikukuu, hapakuwa na shule. Konadu akawahi dukani, akawasha kompyuta ili amwonyeshe mama yake maajabu. Skrini ikaja nyekundu. Juu yake kulikuwa na maandishi meupe: mafaili yote yamefungwa, anayeyataka alipe. Akabofya huku, akabofya kule. Picha za wateja, mabango ya miaka na miaka, kila kitu kimegeuka herufi zisizosomeka. Kumbe ndani ya ile flashi mlikuwa na kirusi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekizimia kinga na kukikaribisha ndani.

Alikuwa bado ameshika kichwa mama yake alipoingia na mzigo wa safari. Kabla hawajasalimiana vizuri, Nana Kyeiwaa naye akaingia. Mkononi alikuwa na bango lililobanduliwa ukutani, limechanika pembeni. Hakuketi. Akalitandaza juu ya meza.

"Afrakoma, nakuuliza kwa heshima," akasema. "Huyu ni nani?"

Maame Afrakoma akatazama bango, akamtazama binti yake, akarudi kwenye bango. "Nana, hii si kazi yangu."

"Jina la dada yangu nimeliona. Umri wake nimeuona. Ila huyu mwanamke mimi simjui. Chale za dada yangu ziko wapi?"

"Chale gani, Nana?" Konadu akauliza kwa sauti ndogo.

"Ati chale gani!" Nana akamgeukia. "Mama yetu alizaa, wakamfia. Akazaa tena, wakamfia mikononi. Alipozaliwa huyu, wazee wakamchanja mashavu yote mawili ili kifo kikimwona kisimtamani. Wakamwita Begyina, yaani njoo ubaki. Akabaki! Na sisi tuliomfuata tumboni tukabaki. Bila chale zile mimi nisingekuwa nimesimama hapa nakugombeza. Leo dada anakwenda kwa mama yake, na wewe umemfuta uso. Mama atamjua kwa nini? Hebu niambie, mtoto wee, atamjua kwa nini?"

Konadu akalia. Hakulia kwa kugombezwa. Alikuwa ameikumbuka ile picha, na akagundua kuwa hakuwa ameziona zile chale hata kidogo. Picha ilikuwa mbele yake alasiri nzima.

"Nana, tuliza moyo," Maame Afrakoma akasema. "Kabla ya Jumamosi dada yako atakuwa ukutani kama alivyokuwa."

"Asipokuwa, najua mlango wa ng'ambo uko wapi," Nana akasema, na sauti ikamkatika. "Nami nitasema kwa watu nani aliyetuharibia."

Alipotoka, Konadu akaeleza yote: flashi, Oteng, kinga, fundi. Mama yake alisikiliza bila kumkatiza, akavuta kiti mbele ya ile skrini nyekundu, akakaa. Konadu alitamani apigwe yaishe, lakini hakupigwa.

"Kwanza," mama yake akasema, "utachukua ndoo na brashi, ubandue kila bango ulilolipeleka mjini. Mwenyewe, mchana huu, watu wakikuona. Pili, kompyuta yetu imekwisha kwa sasa. Utakwenda ng'ambo, umwombe Bwana Sarpong atuazime mashine."

"Ng'ambo, Mama? Mama, nakuomba! Nitabandua hata ya mji mzima. Ng'ambo usinipeleke!"

"Ng'ambo."

Sokoni akabandua huku wanafunzi wenzake wakipita. "Konadu, umeajiriwa na manispaa?" mmoja akamtania. Akaendelea kusugua ukuta. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa ule mlango wa kioo. Alisimama mbele yake maji yakimchuruzika mikononi, akausukuma. Adwapa alikuwa peke yake kwenye kaunta.

"Umekuja kunionyesha bango lingine?" Adwapa akasema.

Konadu akajifuta mikono kwenye fulana. "Nimeharibu. Ile programu ilikuwa ya wizi, imeua kompyuta yetu. Nana Kyeiwaa anatulilia. Tunaomba mashine, hata ile mbovu. Haya, cheka sasa."

Adwapa hakucheka. Alitazama mlango wa nyuma, baba yake alikokuwa, kisha akashusha sauti. "Unataka nikwambie kitu? Ya kwetu imefungwa siku nyingi. Baba alishindwa kulipa, ikagoma. Tunatumia hiyohiyo ya kwenu."

"GIMP?"

"Hata ile picha yangu ya kente. Usimwambie mtu."

"Sasa ulinicheka kwa nini?"

"Wee Konadu, huoni?" Adwapa akasema, na macho yakamjaa maji. "Kila siku nakaa hapa nawatazama. Mama yako anakuvutia kiti, anakupa kipanya. Mimi baba hataki hata nipangusie vumbi kibodi, eti nitaharibu. Jana nilipoona lile bango nilikwenda nyumbani nikalia. Nilijua sitakufikia kamwe."

Wote wawili walikuwa wakichunguliana kupitia barabara moja, kila mmoja akitamani kiti cha mwenzake. Kama si aibu Konadu angecheka.

Bwana Sarpong alipotoka na kuelezwa, aliguna, akajikuna kidevu, akasema mashine ipo, na kwamba msiba ni msiba. Jioni ile Maame Afrakoma akavuka barabara pamoja na Nana Kyeiwaa na picha yake ya karatasi. Wakamkalisha Nana karibu na skrini. Konadu akashika kipanya, Adwapa akasimama nyuma yake, na baba yake hakumfukuza.

"Nana," Maame Afrakoma akauliza, "tuguse nini, tusiguse nini?"

"Mkunjo uondoeni. Hilo doa la chai ni langu, liondoeni. Makunyanzi yaacheni, ameyatafuta mwenyewe. Chale msiziguse hata kwa bahati mbaya."

Konadu akafanya kazi kwa mkono, polepole. Hakuna kitufe cha kumaliza kila kitu kwa mara moja. Alichukua kipande cha ngozi iliyo nzima, akaziba nacho ngozi iliyopasuka, kisha kipande kingine. Mkunjo ulipofika shavuni, ulipita katikati ya chale moja na kuikata. Akasimama.

"Nana, hii ilikuwa ndefu kiasi gani?"

Nana Kyeiwaa akainua kidole, akakipitisha kwenye shavu lake mwenyewe, taratibu, kutoka chini ya jicho mpaka karibu na pembe ya mdomo. "Mpaka hapa. Nikiwa mtoto nililala nimeishika."

Konadu akairudisha mpaka pale. Nana akaisogelea skrini. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akajifuta macho nacho. "Dada," akasema. "Enhe. Sasa nenda. Mama atakujua."

Siku iliyofuata mabango mapya yakabandikwa, na Nana hakwenda kusema neno kwa watu. Lakini mambo mengine hayakurudi. Kazi nyingi zilizofungwa na kile kirusi zilipotea moja kwa moja, na kwa miezi Maame Afrakoma aliomba picha upya kwa wateja, akiomba radhi kila mlango. Konadu alimfuata kila mlango, na kila mlango aliomba radhi naye.

Ila jioni ile ya Jumatano, kabla hawajaizima mashine ya Bwana Sarpong, mama yake alimzuia mkono.

"Mwanangu, sikukasirika kwa sababu unataka kitu kizuri," akasema. "Kutamani si kosa. Nawe siku ukipata kazi ya kuilipia programu ile, ilipie, itumie kwa haki. Lakini ya wizi ni wizi, na umeona ilichotuletea. Na kubwa zaidi ni hili. Ulikuwa na programu, ulikuwa na mkono mzuri, ulikuwa na muda. Ulichokosa ni macho. Macho yako yote yalikuwa huku ng'ambo. Bibi wa watu alikaa mbele yako alasiri nzima na hukumwangalia hata mara moja. Wivu ndivyo ulivyo. Unakufanya ufanye kazi ya watu bila kuwaona watu."

Konadu alikuwa bado ameshika kipanya. Nyuma yake alimsikia Adwapa akimnong'oneza baba yake kama anaweza kujaribu kidogo, kidogo tu, na wivu ukamchoma tena, kwa sababu Adwapa alikuwa na mashine na yeye hana. Safari hii hakugeuka. Alibaki anamtazama Eno Begyina usoni, makunyanzi yake, jicho moja lililofumba kidogo, chale zake ndefu, mpaka mama yake aliposema wakati wa kufunga umefika.